Onyesho la Ndege za Kivita Huanzia Barabarani

Watu wanaojua kwamba napenda maonyesho ya ndege za kivita huniuliza kwanza ni ndege zipi zitaruka mwaka huu. Mimi huwauliza wanaingilia geti lipi, na wamepanga kutoka saa ngapi. Wengine hudhani nimelikwepa swali. Lakini nimehudhuria maonyesho haya kwa miaka mingi, nikiwa peke yangu, nikiwa na mke wangu na watoto, na mara nyingi tukiwa na baba mkwe, fundi mstaafu wa injini za ndege, na nimeona siku zilizokuwa nzuri mno angani zikiharibikia chini kwenye lami. Kinyume chake sijakiona. Mvua ikizuia ndege kuruka, watu hunung'unika kidogo kisha huenda kutazama zile zilizoegeshwa. Foleni ya muda wa saa tano ikiwakuta na mtoto mchanga garini, huapa kutorudi tena, nami siwalaumu.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa kwenye kambi moja ya jeshi la anga ambayo sitaitaja, kwa sababu askari vijana waliokuwa wakielekeza magari walisimama juani tangu alfajiri na hakuna hata mmoja wao aliyepanga barabara zile. Tuliondoka nyumbani gizani. Kambi ilikuwa mbali na mji, kama zilivyo kambi nyingi za ndege za kivita, na kilomita za mwisho zilipita kwenye barabara nyembamba, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, mashamba kushoto na kulia. Foleni ilitupokea geti likiwa bado halionekani. Mwanzoni ilikuwa na raha yake. Kila gari lilikuwa limebeba watu wa safari moja, darubini shingoni, watoto wakipeperusha ndege za plastiki madirishani, wageni wakiulizana kutoka gari hadi gari walikotoka. Saa ya kwanza ikapita hivyo.

Saa ya pili, maboneti yakaanza kufunguliwa. Magari yaliyozoea kupozwa na upepo wa mwendo yalikuwa yakichemka, na kila moja lililokwama lilifunga njia nzima kwa sababu hapakuwa na pa kulisukumia. Ndipo wakaanza wale wa kutanua, magari yakipita pembezoni mwa barabara, magurudumu mawili kwenye majani, ili wakachomekee mbele. Mmoja akifanya hivyo, wa pili humfuata, na baada ya muda mfupi ukingo wote wa barabara umejaa na mbele kwenye kona wote wanagombea upenyo uleule. Mke wangu aliniambia, "Baba Amani, usiwafuate, hata kama tutafika mwisho." Sikuwafuata. Wakati huo sikujua ukingo ule ungekuja kuhitajika kwa jambo gani.

Kisha ndege ya kwanza ikaruka. Tuliisikia kabla ya kuiona, mngurumo uliotikisa vioo, na madereva wote wakainua vichwa kwa pamoja. Hii ni hatari ambayo sikuwa nimewahi kuifikiria. Magari yanasogea kidogo kidogo, macho ya madereva yako juu, watoto wameshuka na kusimama katikati ya barabara. Nyuma yetu gari moja liligonga jingine, bahati nzuri ni bampa tu. Mbele yetu foleni ilisogea mita mia moja na hakuna aliyeifuata kwa sababu dereva alikuwa amepanda juu ya tuta kupiga picha. Binti yangu alikuwa ananiuliza, "Baba, ndiyo limeanza bila sisi?" Lilikuwa limeanza bila maelfu ya watu.

Baada ya siku ile nilianza kutafuta kuelewa, na baba mkwe, ambaye maisha yake yote yamekuwa ya kupima na kukadiria, ndiye aliyenikalisha na karatasi. Njia moja ya barabara kuu, magari yakitiririka bila kizuizi, hupitisha takriban magari 1,800 hadi 2,000 kwa saa. Barabara ya mashambani yenye kona na makutano haifiki hapo. Sasa chukua geti la kambi, ambako kila gari lazima lisimame, tiketi itazamwe, pengine buti ifunguliwe na kioo kipitishwe chini ya gari. Ukaguzi ukichukua sekunde 20, njia moja ya geti hupitisha magari 180 kwa saa. Weka njia nne za ukaguzi, unapata 720. Wakija watu wa magari 8,000, gari la mwisho litaingia muda wa saa kumi na moja baada ya la kwanza, yaani onyesho limekwisha. Punguza ukaguzi hadi sekunde 8 na uongeze njia ziwe sita, geti litaweza magari 2,700 kwa saa, lakini hapo barabara yenyewe ya njia moja ndiyo itakayokushinda, na bado utahitaji zaidi ya saa nne. Nilipoona hesabu hiyo niliacha kumlaumu askari mwenye fulana ya njano. Alikuwa amepewa kazi ya kumimina gunia zima la nafaka kupitia faneli ndogo.

Na kambi za kijeshi zina ugumu wake wa asili. Zilijengwa mbali na makazi kwa sababu ya kelele na usalama. Mageti yake ni machache kwa makusudi, maana kila geti ni mahali pa kulindwa. Uzio huzunguka kilomita nyingi, na barabara ya kurukia yenye urefu wa kilomita mbili au tatu huikata kambi vipande viwili, hivyo aliyeingilia upande usio wake hawezi tu kuvuka kwenda upande wa pili. Siku za kawaida barabara zile huhudumia wafanyakazi wa kambi wanaojulikana kwa majina. Mara moja kwa mwaka huletewa umati wa mji mzima.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu, foleni inayotokea pasipo sababu inayoonekana. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio walilolifanya kwa magari 22 kwenye njia ya duara yenye mzunguko wa mita 230. Madereva waliambiwa waendeshe kwa mwendo uleule, bila taa, bila makutano, bila ajali. Haikuchukua muda, magari yakaanza kujikusanya na kusimama, na mkusanyiko ule ukawa unarudi nyuma kama wimbi huku magari yenyewe yakienda mbele. Dereva mmoja anapokanyaga breki kidogo, wa nyuma hukanyaga zaidi, wa kumi husimama kabisa. Fikiria hilo kwenye barabara ambayo kila dereva anatazama juu.

Haya yote ni ya kuingia, na kuingia ndiko kwenye unafuu. Watu hufika kwa kutawanyika, wapiga picha alfajiri, familia asubuhi, wavivu mchana. Kutoka hakuna mtawanyiko. Waandaaji huweka mwishoni kitu kikubwa kuliko vyote, kwa kawaida kikosi cha ndege nyingi zinazoruka pamoja, Red Arrows wa Uingereza na ndege zao tisa, au Patrouille de France na ndege zao nane, ili watu wabaki. Na watu hubaki. Moshi wa rangi ukiisha kutawanyika, kila mtu anageuka na kuelekea kwenye gari lake dakika ileile.

Siku ile niliyoisimulia, tulikaa kwenye maegesho, nyasi zilizokauka zikichomwa na jua la alasiri, injini zimezimwa, kwa muda ambao mwishowe niliacha kuuhesabu. Hakuna safu iliyokuwa inasogea kwa sababu kila safu ilikuwa inajaribu kuingia kwenye mlango uleule. Karibu yetu kulikuwa na gari lenye mwanamke na baba yake, mzee wa makamo ya baba mkwe. Mwanamke alishuka akanijia. "Kaka, samahani, una maji? Baba hajisikii vizuri." Tulikuwa nayo. Tulipomfikia yule mzee alikuwa amelegea, ngozi yake ina moto na maneno yake hayashikani. Baba mkwe alimfungua vifungo vya shati, mke wangu akalowanisha kanga na kumfunika shingo na kifua, nikakimbia kumtafuta askari.

Yule askari alifanya kila alichopaswa kufanya. Aliita kwa redio, akasema namba ya safu, akarudi nami. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Tuliliona, taa zake zinawaka, nje ya ua wa maegesho, na halikuweza kutufikia. Njia waliyoiacha wazi asubuhi kwa ajili ya dharura ilikuwa imejaa magari ya watu waliotanua ili watoke mapema. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma maana nyuma yake palikuwa na mwingine. Mwishowe wahudumu walikuja kwa miguu, wawili, begi mgongoni na machela mikononi, wakikatiza kati ya magari. "Mzee wangu, unanisikia? Nishike mkono." Alishika. Walimbeba hivyo hadi kwenye gari, na watu njiani wakawa wanakunja vioo vya pembeni ili machela ipite. Binti yake alitupigia simu siku chache baadaye kutuambia kwamba amepona. Nimelisimulia jambo hili kila nilipopata nafasi, kwa sababu wanaotanua hawamwoni wanayemzibia. Wao huona nafasi tupu tu.

Maonyesho ya ndege yana historia ndefu ya kujifunza kwa maumivu, na karibu mafunzo yote tunayakumbuka kama mambo ya angani. Septemba 1952, Farnborough nchini Uingereza, ndege ya De Havilland 110 ilivunjika hewani na vipande vyake vikawaua watazamaji 29, na rubani wake pamoja na mwangalizi aliyeruka naye wakafa pia. Tarehe 28 Agosti 1988, katika kambi ya Ramstein huko Ujerumani Magharibi, ndege tatu za kikosi cha Italia cha Frecce Tricolori ziligongana, moja ikaangukia watu waliokuwa wakitazama, na watu 70 wakafa, marubani watatu wakiwemo. Julai 2002, uwanja wa Sknyliv karibu na Lviv nchini Ukraina, ndege ya Su-27 iliingia katikati ya umati na kuua watu 77. Ndiyo maana leo ndege haziruhusiwi kuelekeza pua kwa watazamaji zikifanya michezo yake, na nchini Marekani ndege za kasi zaidi hukaa futi 1,500 kutoka kwenye mstari wa watu, kama mita 450 hivi. Nikisikia mtu analalamika kwamba ndege zinapita mbali, humweleza ni nani aliyeilipia ile nafasi.

Lakini la Ramstein lilikuwa pia tatizo la ardhini. Mamia ya watu walijeruhiwa, wengi kwa moto, na uokoaji uligubikwa na mkanganyiko kati ya Wamarekani waliokuwa na kambi na Wajerumani waliokuwa na hospitali, ambao hawakuwa na mpango mmoja wa kufanya kazi pamoja. Nani anaingia, kwa geti lipi, nani anaongoza magari ya wagonjwa na yanaelekea wapi: hayo hayapangwi mbele ya majeruhi.

Na kuna Shoreham. Tarehe 22 Agosti 2015, kusini mwa Uingereza, ndege ya zamani ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko wake na ikaanguka juu ya barabara ya A27. Watu 11 walikufa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya uwanja na tiketi. Wengine walikuwa wakisafiri kwa shughuli zao, vijana wawili wakienda kwenye mechi ya mpira, wengine wamesimama kando ya barabara wakitazama. Lile halikuwa onyesho la jeshi, lakini tangu nilisome siwezi tena kuitazama barabara iliyo jirani na uwanja kama mahali palipo nje ya onyesho. Watu waliokwama kwenye foleni chini ya njia ya ndege ni watazamaji ambao hakuna aliyewahesabu wala kuwapangia umbali wa usalama. Baada ya Shoreham, Uingereza ilikaza masharti, na waandaaji wakatakiwa kufikiria pia barabara zilizo chini ya ndege na watu wanaojikusanya nje ya uzio.

Kwa hiyo wale wanaoegesha kwenye tuta nje ya uzio ili watazame bila tiketi, na niliwahi kuwaona wengi, nawaomba waache. Wanapunguza barabara upana, wanawavuta wengine wasimame, na wamejiweka mahali ambapo rubani alitegemea pawe patupu.

Ukishaingia, hata hivyo, mambo huwa matamu, na sitaki mtu asome haya yote akadhani namshauri abaki nyumbani. Hakuna kinachofanana na ndege ya kivita inayopita karibu na wewe. Ikiwa kilomita moja mbali, sauti yake inachelewa karibu sekunde tatu, kwa sababu sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na kwa hiyo unaiona ikigeuka kimya kabisa, kisha mngurumo unakuja kutoka mahali ambapo haipo tena. Watoto hugeukia upande usio wake kila mara. Rubani anapowasha moto wa ziada nyuma ya injini na kusimamisha ndege wima, kifua chako kinatetemeka kama ngozi ya ngoma. Siku zenye unyevu, wingu jeupe hujitengeneza juu ya mabawa anapokata kona kali, likatoweka akinyoosha. Mwanangu mdogo alilishangilia lile wingu kuliko ndege yenyewe.

Masikio lazima yazibwe. Nalisisitiza hili kwa wazazi. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha sauti ya desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15 kwa siku, na ndege hizi hupita hapo bila shida. Sponji ndogo za kuingiza masikioni zinawatosha wakubwa. Mtoto mdogo anahitaji vile vifunika masikio vinavyopita juu ya kichwa, na avae kabla ya ndege ya kwanza, si baada ya kulia.

Simu zitakuangusha. Maelfu ya watu wakitumia mnara mmoja wa mashambani, mtandao hufa, na tiketi iliyokuwa kwenye barua pepe haifunguki getini. Hapo ndipo zile sekunde 8 zinageuka dakika mbili na watu mia nyuma yako wanasubiri. Tiketi ipigwe picha au ichapishwe kwenye karatasi. Familia ikubaliane mapema mahali pa kukutana, penye kitu kirefu kisichohama. Ndege si kitu kisichohama: niliwahi kumkuta mama akimtafuta mwanawe mahali palipokuwa na helikopta asubuhi, na helikopta ilikuwa imeshapaa. Mtoto alipatikana kwa wahudumu wa huduma ya kwanza, analia lakini salama.

Zege la kambi hushika joto na halina kivuli. Maji, kofia, kitu cha kukalia. Vyoo viendeeni wakati wa ndege msizozijali, si kwenye mapumziko ya programu.

Raha kubwa ya baba mkwe iko kwenye ndege zilizoegeshwa. Hawatafuti marubani, kwa kuwa kwao ndiko kwenye foleni ya picha. Hutafuta mafundi, wale wanaokaa kwenye kivuli cha bawa wakisubiri siku iishe. "Shikamoo mzee," kijana mmoja wa mafundi alimwamkia, na baada ya maneno machache alikuwa amechuchumaa naye chini ya injini, wakionyeshana mahali pa kukagulia mafuta na wakibishana kuhusu nyufa za mapanga ya kompresa. Niliwaacha hapo nikarudi baada ya muda mrefu nikawakuta hawajamaliza. Mazungumzo ya namna hiyo hayamo kwenye programu, na mtu aliyefika saa sita mchana akiwa amechoka na foleni hawezi kuyapata.

Ndiyo maana nimekuwa nikitazama kwa makini maonyesho yanayofanikiwa barabarani. Onyesho kubwa la Royal International Air Tattoo katika kambi ya jeshi la anga ya RAF Fairford, Uingereza, ni mfano mzuri wa kuona uzito wa jambo. Mwaka 2003 lilikusanya ndege 535. Mwaka 2008 lilifutwa, na kilicholifuta ni mvua iliyoyageuza maegesho ya nyasi na sehemu za watazamaji kuwa tope. Barabara ya kurukia ilikuwa zege gumu, haina tatizo. Hapakuwa na mahali pa kuyaweka magari ya watu. Tangu niliposikia habari hiyo, nikitaka kujua kama onyesho litafana, hutazama utabiri wa mvua ya wiki nzima iliyotangulia, si ya siku yenyewe tu.

Yanayosaidia si siri. Tiketi ziuzwe mapema, zenye rangi ya maegesho na njia ya kufikia, ili anayetoka kaskazini asikatize foleni ya anayetoka kusini. Barabara ya njia mbili igeuzwe kuwa ya upande mmoja asubuhi, na jioni igeuzwe tena kwa kutoka. Geti lifunguliwe saa nyingi kabla ya ndege ya kwanza, na pawe na kitu cha kuona, la sivyo hakuna atakayewahi. Tiketi zikaguliwe gari likiwa limeshaegeshwa, mtu akiwa kwa miguu, maana watu hamsini kwa miguu hukaguliwa kwa nafasi ambayo magari mawili hujaza. Jioni maegesho yafunguliwe kwa zamu, safu kwa safu, na watu waambiwe zamu yao. Mtu anayejua atatoka saa moja na nusu hutandika mkeka na kula. Asiyejua lolote huwasha injini na kupiga honi.

Sisi siku hizi tuna utaratibu wetu. Tangi la mafuta hujazwa siku ya kuamkia, maji ya rejeta hutazamwa. Tukielekezwa pa kuegesha, tunamwomba kijana wa zamu aturuhusu tuegeshe tukitazama nje, na wengi hukubali. Chakula kikubwa tunakibakiza kwa ajili ya jioni, baada ya ndege ya mwisho, na tunakula hapohapo huku umati ukihangaika. Saa ile huwa na zawadi: ndege zilizokuwa wageni huanza kuondoka kwenda kwao, moja moja, bila mtangazaji, na watu tuliobaki tunasogea karibu na uzio kuzipungia. Pale ambapo onyesho lina mabasi ya kutoka mjini, tunaacha gari na kupanda basi, lakini nauliza kwanza kama basi lina njia yake peke yake. Basi linalosubiri kwenye foleni ileile ya magari halimpunguzii mtu chochote, na mwaka unaofuata watu wote hurudi na magari yao.

Kwa waandaaji nina ombi moja, na nimeliandika kwao zaidi ya mara moja. Ile njia ya dharura isiachwe kwa kamba na ishara tu. Iwekewe vizuizi visivyosogezwa na dereva, isimamiwe na askari hadi gari la mwisho litoke, na ichorwe kwenye ramani ya nyuma ya tiketi kwa rangi nyekundu, na maandishi yanayosema kwamba atakayeingia humo na gari lake atakuwa wa mwisho kutoka.